Karanga Zilizochambuliwa Mara Tatu

Makubwa hayaanzi yakiwa makubwa. Huanza na kitu kidogo cha kufutwa kwa kidole gumba, na aliyekifuta huendelea na shughuli zake akiwa na hakika kwamba amemaliza. Ndivyo ilivyomfika Emiliana wa Mlali, wilayani Kongwa, na asikudanganye mtu kwamba alikuwa mjinga. Angekuwa mjinga, pengine mjukuu wake angekuwa hai mpaka leo.

Emiliana alikuwa mjane aliyekwisha kuvuka miaka hamsini na mitano, na kwa muda mrefu alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Siku za kliniki, akina mama waliopeleka watoto kupimwa uzito walimkuta kwenye baraza la zahanati na ndoo yake ya unga wa lishe, mtama na ulezi na karanga, akiwafundisha kukoroga uji usiwe maji wala usiwe ugali. Watoto waliokuwa wamebaki macho na mbavu, unga ule uliwarudishia mashavu. Simpambi. Manesi walikuwa mashahidi, na hata waliomwonea kijicho hawakuwa na pa kumshika.

Lakini kilichompa jina zaidi ni vita vyake na sumukuvu. Miaka iliyopita walifika wataalamu wakawaeleza wanakijiji kwamba karanga zikianikwa ardhini, au zikiwekwa ghalani na unyevunyevu, huota ukungu wenye sumu, na sumu hiyo huweza kuua. Wengine walisikia, wakapiga makofi, wakasahau. Emiliana alisikia akashika kama mtu aliyeokoka. Karanga zake alizianika juu ya turubai, akazimenya, kisha akazichambua punje moja moja: iliyosinyaa nje, iliyopasuka nje, yenye doa nje. Ukipita kwake baada ya mavuno ungemkuta ameinamia ungo, ukimsalimu anaitikia bila kuinua kichwa.

Mwanawe wa pekee, Gerson, alikuwa kibarua wa ujenzi huko Msalato, nje ya mji wa Dodoma. Mkewe, Hana, binti wa Chemba, alibaki Mlali kwa mama mkwe pamoja na mtoto wao wa kwanza, Jordan. Emiliana alimpenda mjukuu huyo mpaka akawa kero kwa majirani. Mtoto akipiga chafya, lazima kitongoji kizima kijue.

Siku Jordan alipotimiza miezi sita, bibi yake alimpakata mwenyewe ampe uji wa kwanza. Alionja yeye kwanza, kijiko kimoja, kama ilivyo desturi ya kwao: anayekupa chakula au kibuyu cha pombe hutangulia kuonja, ndipo ujue kwamba hakukuwekea kitu. Kisha akamlisha mtoto vijiko vinne. Muda si muda Jordan akatoka vipele vitatu pembeni mwa mdomo.

"Mama, tazama," Hana alisema. "Hapa pamevimba."

"Ni joto la uji, mwanangu. Na meno nayo yanakuja." Emiliana akavifuta vile vipele kwa kidole gumba, na kweli, baada ya saa moja havikuwepo.

Juma lililofuata mtoto alitapika uji wote na masikio yakamwiva. Emiliana alisema ameshiba kupita kiasi. Hana hakuwa msemaji, lakini macho alikuwa nayo. Aliona kwamba siku unga wa lishe ulipokwisha, mtoto akapewa uji wa mtama mtupu, hakutapika wala hakuota kipele. Alilisema jambo hilo mara moja tu, akiwa ameinama anasugua sufuria.

"Kwani wewe umezaa wangapi?" Emiliana akamwuliza, si kwa ubaya, kwa ile sauti ya utani ambayo mama mkwe akikutania nayo huna la kujibu. Hana akaendelea kusugua. Mkamwana ambaye hajatimiza hata miaka miwili kwenye boma la watu atasema nini mbele ya mwalimu wa lishe wa kijiji?

Mara ya tatu haikuwa ya utani. Macho ya mtoto yalivimba yakafumba, kifua kikaanza kupiga mluzi. Walimkimbiza zahanati, na nesi Hilda akamchoma sindano iliyomrudisha. Jordan alipokwisha kupumua vizuri, Hilda aliandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya mjini Dodoma, akamkabidhi Hana mkononi. Emiliana alisema ataandamana nao, kwa kuwa Hana hajui mjini.

Huko walimkuta Daktari Gaudence, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alidondosha matone manne kwenye mkono wa Jordan, la maziwa, la yai, la karanga na la maji ya chumvi, akagusa kila tone kwa ncha ya kisindano. Kisha wakasubiri. Baada ya robo saa hivi, palipokuwa na tone la karanga paliota kipele chekundu, kama mtu aliyeumwa na mbu. Kwingine kote ngozi ilikuwa laini.

"Mtoto ana mzio wa karanga, hii mnayoiita aleji," daktari alisema. "Mwili wake unaiona karanga kuwa ni adui, unapigana nayo, na katika kupigana huko unaweza kumziba pumzi."

Emiliana alikitazama kile kipele. Moyoni alisema, mtoto ukimchoma sindano utegemee nini? Daktari, utadhani amemsikia, akamwonyesha kwa kidole: "Yote nimeyachoma sawasawa, mama. Haya mengine hayakuvimba."

Kisha akawapa masharti. Asile karanga hata chembe. Sufuria iliyopikiwa karanga isipikiwe uji wake, na kinu vilevile. Akiota vipele baada ya kula, wasisubiri, wamkimbize palepale. "Akishakua kidogo mtamleta, tutamjaribu tena hapahapa, kwa vipimo, na dawa ikiwa mkononi. Nyumbani msimjaribu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Hana alijibu.

Emiliana aliuliza jambo moja tu. "Hizo karanga mlizomwekea mkononi, mmezitoa wapi?"

Daktari alitabasamu, akidhani mama wa watu anataka tu kujua. "Si za hapa, mama. Huja kwenye chupa zake, kutoka mbali."

Basi Emiliana akapata alichokuwa akikitafuta. Kumbe hazikuwa zake. Nani anajua zilianikwa wapi, zilikaa ghalani muda gani, nani alizichambua? Lilibaki swali moja, na lilimfika kooni: je, hata zikiwa safi? Akalimeza. Yeye anayefundisha wenzake, aulize kama mwanafunzi mbele ya mkamwana wake? Kuuliza si ujinga, ndiyo, lakini mwenye jina huona haya.

Miezi miwili ilipita kwa amani. Hana alinunua sufuria ndogo ya mtoto, akatwanga mtama wake kwa jirani ambako kinu hakikuwa kimetwanga karanga. Jordan alinawiri, akaanza kutambaa na kufukuza kuku uani huku akicheka peke yake. Aliyekuwa hana amani ni bibi yake.

Neno lilikuwa limekwisha kuzagaa kijijini. Siku moja ya kliniki, jirani yao Sikuzani, mwanamke mwenye mdomo usiokaa na kitu, alimtania mbele ya wenzake. "Mama Gerson, hebu tuambie ukweli. Zile karanga za mjukuu ulizichambua kweli, au siku hiyo macho yalikuwa yamechoka?"

Wanawake wakacheka. Haikuwa chuki, ulikuwa utani wa barazani. Lakini siku hiyo wawili waliondoka bila kuchukua unga, na Emiliana aliwaona. Kichwani mwake mambo yalijipanga hivi: karanga ikimdhuru mtu, basi ina sumukuvu, na ikiwa na sumukuvu, basi mtayarishaji ni mchafu. Kwa hiyo yale maneno ya daktari hayakuwa juu ya damu ya Jordan hata kidogo. Yalikuwa juu ya mikono yake yeye. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, na ukijiambia mwenyewe hupati wa kukubishia.

Karanga mpya zilikuwa zimekwisha kukauka. Emiliana alipima debe moja, akaanza kuchambua. Alichambua mara ya kwanza kwenye ungo, mara ya pili juu ya kitambaa cheupe, mara ya tatu aliishika kila punje akaigeuzageuza juani. Katika debe zima alibakisha bakuli moja, punje nono, zenye rangi moja, ambazo hata mtaalamu angezipiga picha. Alizikaanga kwa moto mdogo. Alikiosha kinu kwa maji yaliyochemka. Halafu yeye mwenyewe alikula konzi nzima, akalala, akaamka mzima wa afya. Kama zingekuwa na kitu, kingeanza na yeye.

Asubuhi hiyo Hana alikuwa anakwenda shambani kupura mtama. "Nakuachia mtoto, mama," alisema. "Uji wake uko kwenye chupa ya chai."

"Nenda, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Na ndugu yangu, hakuwa anasema uongo. Hakuna mtu siku hiyo aliyekuwa na wasiwasi mdogo kuliko Emiliana. Alitaka jioni Hana arudi amkute mtoto ameshiba na anacheka, ndipo amwambie: umeona? Halafu siku ya kliniki awaambie wote.

Alipika uji. Kwanza alimpaka mtoto karanga iliyotwangwa mkononi, kama alivyoona kwa daktari, akangoja. Pakawa pekundu kidogo, akasema amejisugua. Akaonja uji kijiko kimoja, kisha akampa Jordan. Mtoto alikula vizuri. Hilo ndilo lililomtesa bibi yake baadaye kuliko yote: alikula vizuri, alikuwa anafungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Kikombe kilipofika nusu, Emiliana akaona kipele kimoja pembeni mwa mdomo.

"Uji wa moto," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Akakifuta kwa kidole gumba.

Vikatoka vingine viwili. Mtoto akaanza kujikuna masikio, akakohoa, akatapika. Emiliana alimfuta, akambadilisha nguo, akakaa naye kizingitini akisubiri vipele viondoke kama vilivyoondoka mara ya kwanza. Maana kunyanyuka kwenda zahanati kulikuwa ni kukubali. Angepita na mtoto mbele ya Sikuzani, mbele ya kijiji kizima, na kila mtu angejua ni nini amefanya. Atatulia tu, alijiambia. Alikwisha kutapika huko nyuma akatulia. Hapo alipoteza muda ambao hakuna sadaka ya kuununua.

Aliponyanyuka, midomo ya Jordan ilikuwa imevimba na kilio chake kimekuwa chembamba, kama kinatoka chumba cha pili. Alimfunga mgongoni kwa kanga, akatimua mbio. Sikuzani alimwona akipita, wala hakumtania. Alichukua simu akampigia Hana, naye akaja kwa pikipiki kutoka shambani. Waliingia zahanati karibu kwa pamoja, bibi mbele, mama nyuma.

Hilda alimpokea mtoto akamlaza mezani. Rangi ilikuwa imekwisha kumtoka. "Amekula nini?"

"Uji."

"Uji wa nini, mama?"

Emiliana aligeuka akamwona Hana mlangoni, makapi ya mtama yamejaa kwenye nywele, mkono umeshika fremu ya mlango. Mdomo wake ukajibu wenyewe.

"Wa mtama."

Hilda, aliyejua kwamba mtama haukuwahi kumdhuru, akadhani amepaliwa. Akamgeuza kifudifudi, akampiga mgongoni, akamfungua kinywa atazame koo. Hana alimtazama mama mkwe wake usoni. Ndipo Emiliana akasema, kwa sauti ndogo:

"Na karanga."

Hilda aliacha yote akakimbilia kabati la dawa. Alichoma sindano ileile iliyomrudisha mara ile, akachoma ya pili, akambana mtoto barakoa usoni akampulizia hewa kwa mfuko, akahesabu, akapuliza, akahesabu. Jasho lilimtiririka mpaka likadondoka juu ya shuka. Alipoacha, hakuna aliyemwambia aendelee, kwa sababu wote walikuwa wameona.

Kati ya lile neno la mtama na lile la karanga ulipita muda gani? Emiliana hakupata kujua. Pengine mtoto alikuwa amekwisha kwenda tangu njiani. Pengine alikuwa bado yupo, akisubiri neno moja tu kutoka kwa mtu aliyempenda kuliko wote. Hilda angeweza kumwambia. Emiliana hakuthubutu kumwuliza, na Hilda, kwa huruma yake, hakusema.

Alichosema Hilda, siku ya tatu ya msiba, ni kwamba sumukuvu haikuhusika hata chembe. "Karanga zako zilikuwa safi, mama," alimwambia akimshika mkono. "Zilikuwa safi kabisa. Ila kwa mtoto huyu safi na chafu ni mamoja. Kwake karanga ni karanga." Alidhani anamfariji. Emiliana aliitazama mikono yake mwenyewe, ile mikono isiyokuwa na lawama, akatamani ingekuwa michafu. Hapo angepata hata cha kutubia kinachoeleweka.

Gerson alikuwa amefika kutoka Msalato siku ya mazishi, na vumbi la ujenzi kwenye viatu. Watu walimwogopa, wakidhani atafoka. Bora angefoka. Alisimama mbele ya mama yake akauliza jambo moja. "Mama, daktari alisema nini?"

"Alisema asile."

"Haya," Gerson alisema, akachukua jembe akaenda kuchimba kaburi pamoja na vijana wengine.

Waombolezaji walipomwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, Emiliana aliwakatalia. "Mungu hakupika uji ule. Niliupika mimi." Wakatazama mkeka. Sikuzani alilia kuliko wengi, akamwomba radhi kwa ule utani wake, na Emiliana akamwambia hana kosa. Ilikuwa kweli. Maneno ya Sikuzani yalikuwa upepo tu. Aliyeyafanya kuwa hukumu ni yeye mwenyewe. Zile karanga zilizobaki kwenye bakuli alizimwaga chooni, na akina mama walipokuja mwezi uliofuata kuulizia unga, kwa kuwa watoto wao walikuwa wanauhitaji na haukuwadhuru, aliwaambia kupitia dirishani kwamba hatwangi tena. Walikwenda zao na watoto wao mgongoni. Nani alipata faida hapo? Hakuna.

Baada ya arobaini, Hana alisema anataka kwenda kwao Chemba. Hakusema atarudi lini, na Gerson hakumwuliza. Asubuhi ya safari aliingia chumbani kwa mama mkwe wake akiwa amevaa kitenge cha kusafiria, begi ameliacha nje kwa mumewe. Emiliana alikuwa ameketi kitandani. Tangu siku ile zahanati hawakuwa wamezungumza, isipokuwa maneno ya maji na kuni. Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alitamani Hana amtukane, amlaani, amtupie hata kiatu, kwa maana mtu akikulaani bado ana shughuli na wewe.

Hana akapiga magoti sakafuni, kama alivyopiga magoti kila asubuhi tangu alipoolewa.

"Shikamoo, mama."

Emiliana alifungua mdomo aitikie. Marahaba ni neno jepesi, alikuwa amelisema maelfu ya mara, kwa watoto wa kliniki, kwa wapita njia, bila kuinua kichwa kwenye ungo. Safari hii halikutoka. Angeipokeaje shikamoo kwa mwanamke huyu? Alijaribu tena, midomo ikacheza bila sauti. Hana alisubiri. Alikuwa amelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri hainuki kabla mkubwa hajaitikia. Alisubiri magoti chini, macho chini, mpaka Gerson alipomwita kutoka nje kwamba gari limefika. Hapo akainuka mwenyewe, akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Emiliana alibaki na mdomo wazi na salamu ambayo hakuijibu. Na wala haikuhitaji mengi ili yote haya yasiwe. Ilihitaji tu kukiheshimu kipele kidogo ambacho macho yake yalikiona, mkamwana wake akakitaja na daktari akakionyesha kwa kidole. Wahenga hawakumwonea mtu waliposema: mdharau mwiba mguu huota tende.